Ghala Iliyofungwa

Katika nchi ya Handeni hapana jambo litazamwalo kwa makini kuliko mvua. Mvua zikinyesha kwa wakati wake, mahindi na mtama hustawi, na mwenye shamba hulala usingizi mwema. Zikikawia, kina mama hutazama vyungu vyao na kuwaza. Kwa sababu hiyo wazee wa Uzigua, tangu zamani, huwafundisha watoto wao kuweka akiba. Mahindi yaliyo mema huchaguliwa, hufungwa mafungu mafungu pamoja na maganda yake, kisha hutundikwa darini juu ya meko, ili moshi uyafukize na fukusi wasiyaguse. Mtoto aulizaye sababu huambiwa mithali iliyo fupi: akiba haiozi.

Basi mtoto aliyelelewa hivyo, akiisha kujua kusoma, hufika siku moja katika Injili ya Luka, sura ya 12, naye hustaajabu. Hapo Bwana Yesu asimulia habari za mtu mmoja tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Ghala zake zilikuwa hazitoshi tena, naye akaazimia kuzibomoa na kujenga nyingine zilizo kubwa zaidi, apate kuweka nafaka yake yote na kustarehe miaka mingi. Usiku ule ule Mungu alimwita mpumbavu, na uhai wake ukatwaliwa.

Mtoto hujiuliza: Je, mtu huyu alikosa nini? Hakuiba, wala hakumpunja mtu, wala hakuwa mvivu. Alifanya lile lile ambalo mtoto huyu ameonyeshwa na baba yake, yaani alivuna, akaweka. Ikiwa kuweka akiba ni hekima katika Handeni, imekuwaje kuwa upumbavu katika Injili?

Swali hili ni jema, na mtu alipitaye upesi hatapata faida ya mfano ule. Msomaji na afungue kwanza kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, atazame habari za Yusufu katika nchi ya Misri. Yusufu naye alijenga ghala, tena kubwa kuliko za yule tajiri. Muda wa miaka saba ya shibe alikusanya nafaka katika kila mji, hata akaacha kuihesabu kwa kuwa ilikuwa nyingi mno. Lakini Maandiko hayamwiti mpumbavu. Yamsifu kuwa mtu mwenye akili na hekima.

Yaonekana, basi, kwamba ghala si dhambi. Udongo ni ule ule, miti ni ile ile, na nafaka iliyo ndani ni moja. Tofauti iko mlangoni. Yusufu alijenga ghala ili siku moja zifunguliwe, na siku ya njaa ilipofika, alizifungua. Tajiri yule alijenga ghala ili zifungwe. Msomaji na asome tena maneno yake kwa utaratibu, ataona ya kuwa kila akitajacho akiita chake: mavuno ni yake, ghala ni zake, vitu vyote ni vyake, na hata nafsi yake asema nayo kana kwamba yeye ndiye aliyeiumba. Jirani hatajwi hata mara moja, wala mtumishi aliyelima, wala Mungu aliyenyesha mvua. Huo ndio upumbavu wake: katika dunia nzima hakumwona mtu ila yeye mwenyewe.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Lilitokea katika nchi ya Handeni na Korogwe yenyewe, tena si mara moja.

Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliingia Uzigua, na njaa ikafuata. Watu walikula mizizi na majani, na ilipokuwa hata hayo hayakupatikana, waliteremka kwenda pwani kutafuta chakula. Huko walikuwako wafanya biashara wenye nafaka na majahazi. Wangeweza kuuza nafaka, au kukopesha, au kugawa, na kila mmoja angebaki na mali yake ya kumtosha. Lakini walipowatazama wale wenye njaa hawakuona wageni wahitaji, bali bidhaa. Wako watu waliojitoa wenyewe, au kuwatoa watoto wao, kwa vipimo vichache vya nafaka. Wengine, kama wazee wao walivyosimulia baadaye, waliambiwa kwamba watachukuliwa mahali penye kazi na chakula tele. Wakapanda majahazini kwa hiari yao. Walishushwa mbali kaskazini, katika miji ya Banadiri, nchi ya Wasomali, nao wakauzwa kuwa watumwa.

Baada ya miaka mingi, wengi wao walitoroka, wakajaribu kurudi kwao kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu, nao hawakufika. Wakakaa kando ya mto Juba, mwituni, wakafyeka na kulima, wakawazaa watoto na kuwafundisha Kizigua. Lugha ile haikufa. Vita ilipozuka katika Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu na vitukuu vyao walikimbia, wakafika Tanzania, na mwaka 2003 makazi ya Chogo yakafunguliwa kwa ajili yao katika wilaya ile ile ya Handeni. Baadaye wengi wao walipewa uraia. Walirudi wakisema lugha ya babu zao, baada ya zaidi ya miaka 150.

Msomaji na apime jambo hili. Mtu mmoja katika pwani alipata faida ya siku moja. Labda alinunua nguo au jembe la ndovu, na vyote vimekwisha zamani, wala hapana ajuaye jina lake. Lakini machozi aliyoyanunua kwa nafaka ile yalipita kizazi baada ya kizazi. Hivyo ndivyo ilivyo hesabu ya tamaa: faida huliwa na mmoja upesi, na deni hulipwa na wengi polepole.

Wala mtu asidhani kwamba wenye tamaa walikuwa wageni wa pwani peke yao. Upande wa pili wa mto Pangani, katika milima ya Usambara, ulikuwako ufalme wenye nguvu, na mji wake mkuu ulikuwa Vuga. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mfalme. Neno la kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. Neno la pili ni kubana shi, maana yake kuiharibu nchi. Mfalme alipokea mbuzi, ng'ombe na vyakula kutoka kwa watu wake, wala hawakumnung'unikia kwa hayo, maadamu nchi ilipona: mvua zilinyesha, wenye njaa walipata kitu nyumbani mwake, na wanyonge walipata mtu wa kuwatetea. Mali yake ilikuwa kama maji ya mfereji wa mlimani, yaingiayo upande mmoja na kutokea upande mwingine, nayo mashamba hunywa.

Mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848 na mwaka 1852, alitawala muda mrefu kwa desturi hiyo. Hakuwa mtu asiye na makosa, kwa maana katika enzi yake pia watu walitiwa utumwani. Hata hivyo alijua kwamba mfalme asiye na watu si mfalme. Alikufa mwaka 1862.

Mwanawe mmoja, jina lake Semboja, alikuwa akikaa chini katika tambarare, mahali paitwapo Mazinde, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Korogwe. Mazinde palikuwa njiani. Misafara iliyotoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro ilipita hapo, ikiwa na merikani, shanga, bunduki na baruti, na iliporudi ilichukua pembe za ndovu na watu. Semboja aliona vitu hivyo kila siku. Akafanya urafiki na wenye misafara, akapata bunduki, na kwa bunduki akapata watu wa kuuza, na kwa watu aliowauza akapata bunduki nyingine. Akafanya vita na Shekulwavu, mwana wa ndugu yake, aliyekuwa ameketi katika kiti cha Vuga, akamshinda.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Semboja alipokwisha kushinda, hakupanda mlimani kukaa Vuga, mahali pa heshima pa baba zake. Alimweka huko mwanawe, yeye mwenyewe akabaki Mazinde, kwa kuwa Mazinde ndipo mali ilipopita. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua. Kiti cha kuiponyea nchi hakikuwa na thamani machoni pake kama njia ya misafara. Nayo nchi ikabanwa, kama walivyosema Wasambaa. Wabondei waliasi, majirani wakashikana na kuuzana, na mtu akaogopa kwenda kisimani peke yake. Watu waliojenga vijiji vyao mahali pa wazi wakavificha mwituni. Semboja alikufa mwaka 1895, na wakati huo nchi yote ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa Wadachi. Bunduki zile zote alizozikusanya hazikumlindia ufalme, kwa sababu watu ambao wangeulinda pamoja naye alikuwa amewauza.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Mithali hii husemwa mara nyingi kwa mzaha, lakini hapa si mzaha.

Labda mwanafunzi atasema: Hayo ni mambo ya zamani za utumwa, leo hapana auzaye watu katika Korogwe wala Handeni. Ni kweli, na Mungu ashukuriwe. Lakini tamaa ikinyimwa mlango mmoja hutafuta mwingine. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge, na 62 tu ilifika ikiwa hai. Mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni. Kazi ile ilileta mishahara, maduka na barabara, wala si haki kuikana faida hiyo. Lakini watu walioletwa kutoka mbali kukata mkonge waliitwa manamba, na jina hilo latokana na namba. Baba wa watoto, mwenye jina alilopewa na wazazi wake, aliandikwa kwa tarakimu. Mtu asipojihadhari, penye fedha nyingi hesabu hukaa mahali pa jina. Na fedha yenyewe haikukaa. Nyuzi zilizotengenezwa kwa mitambo zilipoenea katika miaka ya 1960, bei ya mkonge ilianguka, na mashamba mengi yakaota magugu.

Au msomaji na aende sokoni Handeni. Wakati wa mavuno mahindi ni rahisi, kwa kuwa kila mtu ana shida ya fedha. Wakati wa kiangazi mahindi yale yale ni ghali, kwa kuwa kila mtu ana shida ya chakula. Mtu anunuaye wakati wa mavuno na kuyahifadhi vema, kisha akayauza kwa faida ya haki, afanya kazi ya maana. Bila yeye, mahindi yangaliliwa na fukusi. Lakini yuko mwingine ambaye, akiona mawingu yamepita bila mvua, hufurahi. Huyu hajamwibia mtu bado. Hata hivyo katika moyo wake ameanza kuiombea nchi njaa, na sala kama hiyo hapana aisikilizaye mbinguni. Huyu ndiye ndugu wa tajiri yule wa Injili, ingawa ghala yake ni chumba kimoja cha mabati.

Kutokana na hayo hatari ya mali huonekana wazi. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, hakuilaumu fedha, alilaumu kuipenda. Fedha ni kama moto wa jikoni. Katika mafiga hupika chakula cha nyumba nzima, na katika paa la nyasi huteketeza nyumba ile ile. Moto haukubadilika, ila mahali pake palibadilika. Kadhalika mali ikiwa mkononi hufanya kazi, ikiingia moyoni hutawala. Ikiisha kutawala, jambo la kwanza ifanyalo ni kulipofusha jicho. Mwenye tamaa haachi kuona vitu. Aona vitu vizuri kuliko wengine wote. Aachacho kuona ni watu. Ndiyo sababu tajiri mwingine, katika Luka sura ya 16, aliweza kula karamu kila siku, na Lazaro mwenye vidonda amelala mlangoni pake. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimpita tu, kama mtu apitavyo kisiki.

Tena mtoto wa maskini asifikiri kwamba maonyo haya ni ya matajiri peke yao. Gehazi hakuwa tajiri. Alikuwa mtumishi wa nabii Elisha. Alimwona Naamani akirudi kwao na zawadi ambazo nabii amezikataa, na moyo wake ukamkimbilia kabla ya miguu yake. Alisema uongo mmoja, akapata fedha na mavazi, na pamoja navyo akapata ukoma. Mtu aweza kuwa na mikono mitupu na moyo uliojaa mali za watu wengine. Naye maskini amchukiaye jirani kwa sababu ya bati lake jipya ana ugonjwa ule ule wa tajiri, ila hajapata nafasi ya kuuonyesha.

Ugonjwa huu huanza mapema. Mwanafunzi wa bweni huletewa karanga na mama yake. Huzificha chini ya godoro, hula usiku shuka ikiwa imemfunika kichwa, asisikiwe na mwenziwe wa kitanda cha pili ambaye hana mama wa kumletea kitu. Karanga si nyingi, wala dhambi haionekani kubwa. Lakini usiku ule mtoto huyo amejenga ghala yake ya kwanza, na ameijenga bila mlango. Akizoea hivyo katika karanga, atafanyaje atakapopewa ufunguo wa duka, au muhuri wa serikali, au mizani ya chama cha wakulima? Atafanya alivyojizoeza. Mti huinama kwa upande uliopindwa ungali mchanga.

Dawa yake iko, nayo si ngumu kuijua, ingawa ni chungu kuinywa. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alikuwa amejitajirisha kwa kuwatoza watu kupita haki. Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake hakumhubiria maneno mengi juu ya mali, kwa kadiri Injili inavyosimulia. Lakini Zakayo alisimama mwenyewe, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na wale aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Siku ile alipungukiwa na fedha, akaongezewa watu. Hapo kwanza alikuwa akikaa peke yake juu ya mti. Sasa ana wageni mezani. Mkono ufunguliwao huvunja nguvu za tamaa, na hapana dawa nyingine iliyokwisha kuonekana. Mtu asingoje kuwa tajiri ndipo afungue, kwa kuwa mkono uliokaa umefungwa miaka mingi hukauka hivyo hivyo.

Kwa hiyo wazee wa Uzigua hawakukosea, na Injili haiwapingi. Mahindi na yatundikwe darini, na moshi uyafukize. Mtoto na ajifunze kulima, kuweka na kutunza, kwa maana mvivu hana cha kumpa mwenye njaa. Lakini siku atakapopanda ngazi kuyatazama mahindi yake, na ahesabu vitu viwili. Na ahesabu mafungu aliyo nayo, kisha ahesabu majina ya watu watakaokula kwayo. Akiona kwamba mafungu ni mengi na jina ni moja tu, na ashuke upesi akamwite jirani, kabla usiku haujaingia.